Kigae cha Mchina ulichookota ufuoni hakikufanyi tajiri, kirudishe

Ukienda Mambrui, Manda au Shanga maji yakiwa yametoka, tembea polepole ukiangalia chini. Hutakosa kuona kipande cha sahani, cheupe chenye mistari ya samawati, au cha kijani mpauko kama jani changa la mgomba. Mkono utakwenda wenyewe. Utakiosha, utakipiga picha, na swali la kwanza kichwani litakuwa: hiki ni doo ngapi?

Tunaelewa. Kazi hakuna, na mitandaoni kila siku kuna mtu anakuonyesha kikombe kidogo cha Kichina kilichouzwa bei ya ghorofa. Mengine si uongo. Mwaka 2014 kikombe chenye picha ya kuku, kipana kama sentimita 8 tu, kiliuzwa kwenye mnada Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 36 za Marekani. Lakini hebu soma vizuri kabla hujaanza kuchimba. Kikombe kile kilitengenezwa kwa ajili ya ikulu ya mfalme Chenghua miaka ya 1400, ni kizima, ni vichache sana vya aina yake duniani, na waliokimiliki kabla wanajulikana. Kilichokuja Pwani yetu kwa sehemu kubwa kilikuwa mzigo wa biashara. Bakuli zilipangwa kwa mamia ndani ya jahazi, jinsi leo masufuria yanavyojaa kontena. Kipande kimoja cha bakuli kama hilo, kisicho na mwenzake wala historia ya kilikotoka, mnunuzi wa maana hakitaki. Anayekitaka ni mtalii wa siku tatu, naye atakupa hela ya chai na mandazi.

Kwa hivyo dili lenyewe ni baya. Hilo ni la kwanza. La pili ni kile tunachopoteza, na hapo ndipo tunataka ukae kidogo.

Vyombo hivi vilianza kufika huku zamani kuliko wengi tunavyodhani. Tumezoea kusimuliwa habari za Zheng He, amiri wa Uchina ambaye misafara yake ilikuwa baharini kati ya 1405 na 1433, na twiga aliyepelekwa Uchina kutoka Malindi mwaka 1415. Hadithi tamu, ila inatufanya tudhani Mchina ndiye aliyetuletea kila kitu. Vigae vya Kichina vya karne ya 9 vimechimbuliwa Manda na Shanga, miaka mia tano na ushee kabla ya Zheng He kuzaliwa. Vilitoka kwenye tanuri za Uchina, vikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Bara Hindi na Ghuba, vikaja na kaskazi. Baadaye vikafuata vya kijani kutoka Longquan, kisha vyeupe vya samawati kutoka Jingdezhen.

Na watu wa Pwani hawakuwa wateja wa kupewa tu. Walichagua. Angalia nyumba za mawe za Lamu: ule ukuta wenye vishubaka vingi vya plasta, yaani zidaka, ulipangwa vyombo vya thamani kama hivi ili mgeni akiingia ajue yuko kwa nani. Angalia makaburi ya mnara ya Mambrui, ambako mabakuli yalipachikwa kwenye jiwe kabisa. Wakati huo Ulaya ilikuwa haijui hata kutengeneza kauri ya namna hiyo. Ilibidi wangoje hadi mwanzoni mwa miaka ya 1700 ndipo wakaiweza huko Meissen, Ujerumani. Ukisikia mtu akisema kukusanya sanaa ya Asia ni mambo ya wazungu matajiri, mpeleke Lamu.

Sasa tazama makaburi hayo hayo leo. Katika mengi ya Pwani utaona matundu ya mviringo, makavu, kama macho yaliyong'olewa. Kila tundu lilikuwa na bakuli. Mengine yalivunjika yenyewe, mengine yalibanduliwa. Ukuta umebaki, lakini huwezi tena kujua bakuli lilikuwa la aina gani, la enzi ipi, wala kwa nini familia ile ilichagua hilo na si lingine.

Na hata kigae cha chini kina kazi. Kule Gede, kilomita chache kutoka Watamu, James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948. Mji ule hautuachii daftari la kutueleza ni lini nyumba gani ilijengwa, lini ikahamwa. Vigae vya Kichina ndivyo vilivyosaidia kujibu, kwa sababu mitindo yake inajulikana ni ya miaka gani. Ukikikuta chini ya sakafu, unajua sakafu haiwezi kuwa ya zamani kukishinda. Baadhi ya nyumba za Gede zimepewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani yake, mojawapo bakuli la kauri, nyingine sarafu za Kichina. Mwaka 2024 Gede iliingia kwenye orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO. Chukua vigae vile, vimwage mezani Nairobi bila kusema vilitoka chumba gani na udongo wa kina gani, na vyote vinakuwa takataka nzuri tu.

Ndiyo maana hatufurahii sana zile pete na vijisanduku vya fedha vinavyouzwa Lamu vikiwa na kipande cha sahani ya kale juu. Mafundi wale wana mikono ya ajabu, na biashara ni yao halali kuitafutia riziki. Lakini kila pete inahitaji kigae, na vigae havioti. Tungependa kuona sonara anayetumia sahani mpya iliyovunjika, kisha anasema wazi ni mpya. Mtalii mwelewa atanunua.

Kuna sheria pia, usije ukasema hukuambiwa. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Yule jamaa anayekutumia ujumbe akiwa ng'ambo, “nitumie tu kwa kurier”, yeye hatakuwa uwanjani mzigo ukifunguliwa. Ni wewe.

Hatutaki kuwabebesha vijana wa ufuoni lawama zote, maana si haki. Kijana anauza kigae kwa sababu hakuna aliyemwajiri kukilinda. Kaunti za Lamu na Kilifi, pamoja na Makavazi, zingeweza kuwachukua hao hao wanaojua kila kona ya ufuo wawe walinzi na waelekezaji wa kulipwa. Magofu mengi madogo nje ya Gede hayana hata kibao. Mtu ataheshimuje asichojua ni nini?

Wewe nawe, ukikikuta, usikiinue. Weka sarafu ya shilingi kumi kando yake ili ukubwa uonekane, piga picha, hifadhi mahali kilipo kwenye ramani ya simu, kisha peleka habari kwenye ofisi ya makavazi iliyo karibu: Lamu, Malindi, Gede au Fort Jesus. Kama tayari unacho nyumbani, kipeleke huko na useme ulipokiokota, hata kama ni kwa kukisia.

Na kama unataka kukusanya kweli, anza na kabati la nyanya. Mwombe ruhusa, toa sahani moja, igeuze. Usiamini haraka herufi za Kichina zilizoandikwa chini, kwa sababu mafundi wa Uchina wenyewe walikuwa wakiandika jina la mfalme wa zamani kwenye vyombo vipya, kwa heshima au kwa ujanja. Chunguza ule mviringo wa chini usiopakwa rangi ya kung'aa. Ukikuta neno Maastricht, hicho si cha Uchina, ni cha Uholanzi, nacho kina safari yake kwa sababu viwanda vya huko viliuza mabakuli mengi Afrika Mashariki. Kisha muulize nyanya nani alikileta, mwaka gani, kwa harusi ya nani. Andika majibu kwenye karatasi, pamoja na jina lake na tarehe, uikunje uiweke ndani ya sahani.