Aliyeanguka Hakuiba

Aprili 2023, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Dodoma kwamba mikopo ya asilimia 10 inasitishwa nchi nzima. Ni ile mikopo isiyo na riba ambayo kila halmashauri hutakiwa kuitengea fedha kutoka mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya mwaka wa fedha 2021/22 ilikuwa imetoka, na ilionyesha zaidi ya Sh bilioni 88 ambazo vikundi havijarejesha. Mwaka 2024 mikopo ikarudi kwa utaratibu mpya. Halmashauri 10 ziliteuliwa kujaribu kuitoa kupitia benki, na mojawapo ni Bumbuli, huku Usambara, iliyomegwa kutoka Lushoto.

Nitasema mapema ninachokiamini. Kusitisha mikopo kwa wote kwa sababu ya waliokula fedha kulikuwa kosa, na mjadala uliofuata ulimshughulikia mwizi peke yake. Mjasiriamali aliyefanya kazi kwa mikono yake, akapata hasara, akashindwa kulipa, hakuna aliyemzungumzia. Ameachwa palepale alipoangukia, na jina lake limechanganywa na majina ya matapeli.

Tazama yale yaliyowekwa kwenye kapu moja. Kulikuwa na vikundi hewa, yaani watu walioandika majina ya uongo wakachota fedha za umma. Kulikuwa na vikundi vilivyochukua mkopo vikagawana, kila mtu akaenda zake. Halafu kulikuwa na vikundi vilivyoacha biashara. Hao wa kwanza na wa pili ni wa polisi na TAKUKURU, na sina neno la kuwatetea. Lakini kikundi kilichoacha biashara kimefanya nini? Biashara hufa. Hufa Kariakoo, hufa Nairobi, hufa Dubai, na wanaozijua biashara hawashangai. Ukiliweka deni la aliyefilisika pamoja na la aliyeghushi, ukajumlisha, ukapata bilioni 88, umepata hesabu sahihi ya fedha na umekosa kabisa habari ya kilichotokea.

Tuseme ni vijana watano wa Lukozi, wilayani Lushoto. Wamekopa, wamekodi shamba, wamenunua miche ya nyanya, mbolea na dawa. Msimu unaanza vizuri. Kisha majani yanaanza kuonyesha mabaka meupe kama karatasi iliyoloa, na ukilishika jani ukaliinua juani unamwona kiwavi mdogo yumo ndani, katikati ya ngozi mbili za jani, anakula. Huyo ni kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, akafika Tanzania 2014, na wakulima wa nyanya wakampa jina hilo. Dawa inayopakaa juu ya jani haimfikii vizuri, kwa hiyo vijana wanaongeza dozi, na fedha ya dawa inaongezeka. Kiwavi anahamia kwenye tunda, anatoboa tundu dogo karibu na kikonyo, na nyanya yenye tundu hilo haipandi kwenye tenga.

Walichookoa wanakipakia kwenye Fuso. Barabara ya kushuka Soni hadi Mombo imechongwa ubavuni mwa mlima, na mvua zikizidi udongo na mawe huporomoka na kuifunga. Gari linalala njiani. Mzigo unafika Dar es Salaam umeanza kulainika, dalali anapiga simu kusema soko limejaa, na bei anayoitaja haitoshi hata nauli ya lori. Mkopo ule hauna riba, lakini una tarehe, na tarehe haikujua habari ya kantangaze wala ya barabara.

Sasa niambie, vijana hawa wanajua nini ambacho msimu uliopita hawakukijua? Wanajua kwamba nyanya juu ya nyanya katika shamba lilelile humlisha kiwavi, na kwamba wangebadilisha kwa karoti au kabichi wangemvunjia mzunguko. Wanajua masalia ya shamba yanatakiwa kuondolewa na kuharibiwa, si kuachwa pembeni. Wanajua mtego wa kunasa madume ya nondo wa kiwavi huyo unatakiwa kuwekwa mapema, kabla mabaka hayajaonekana. Wanajua kutotegemea dalali mmoja wala kupanga mavuno yote yaangukie mvua za masika. Elimu hiyo imegharimu fedha za halmashauri. Imeshalipiwa! Kuwafungia mlango hawa na kumpa mkopo mgeni asiyejua lolote ni kununua somo lilelile mara ya pili, kwa bei ileile, kwa fedha za walipa kodi walewale.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo, na sitaihama. Tunaimba kwamba kushindwa hufundisha. Hufundisha, naam, lakini kwa masharti mawili: awepo mtu wa kuuliza na kuandika ilikuwaje, na mwenye somo apate nafasi ya kulitumia. Sharti moja likikosekana, kushindwa hakuachi elimu yoyote. Kunaacha mtu aliyevunjika na deni.

Milima hii inalijua jambo hilo kuliko pengine popote Tanzania. Miaka ya 1890 kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilipanda kahawa Derema, Usambara Mashariki, ikitazamia utajiri. Waliuona msitu mnene wakadhani udongo chini yake una rutuba isiyokwisha. Msitu ukafyekwa, mvua ikaosha rutuba, kahawa ikadhoofu. Mashamba yale yalikuwa hasara kubwa. Lakini hasara ile iliandikwa na kupimwa. Mwaka 1902 ilianzishwa taasisi ya utafiti Amani, kwenye milima hiyohiyo, ambako udongo, miti na mazao vilijaribiwa kimoja baada ya kingine. Huku Lushoto, walikoita Wilhelmstal, palikuwa na shamba la majaribio la Kwai. Hata mkonge uliokuja kuibeba Tanga ulianza kwa hasara: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo 62, kufikia miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka.

Wanaopenda kuisimulia habari ya Hindorf kwenye semina za ujasiriamali huishia hapo, kwamba jamaa hakukata tamaa. Wanasahau kusema nani aliyelipia majaribio yale. Mlowezi aliyepoteza kahawa alikuwa na kampuni nyuma yake, na serikali nyuma ya kampuni. Alikuwa na ardhi ya watu aliyopewa bila jasho. Na kuanzia mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa na mfumo wa kadi za kazi, ambao ulimlazimu mwanamume kufanya kazi siku 30 katika kila miezi minne kwa mwajiri wa Kizungu. Msambaa aliacha shamba lake ili mlowezi apate nafasi ya kukosea na kujaribu tena. Hakuna ushujaa wa moyo hapo. Kulikuwa na mtu wa kubeba hasara.

Waingereza nao walikuwa na zamu yao. Mwaka 1946 walianza mradi wa bonde la Mlalo, hukuhuku Lushoto, wakiwalazimisha wakulima kujenga matuta ya kuzuia mmomonyoko kwa vipimo vya ofisini. Watu waliukataa, na kabla ya uhuru ukaachwa. Walioubuni hawakudaiwa chochote.

Na sisi wenyewe? Kiwanda cha chai cha Mponde, hukohuko Bumbuli, kilibinafsishwa mwaka 1999, wakulima na mwekezaji wakagombana, kikafungwa mwaka 2013. Mkulima mdogo akabaki na michai isiyo na mnunuzi wa karibu, michai ikarefuka ikawa vichaka. Mwaka 2016 serikali ilikirudisha kiwanda mikononi mwake, na baadaye mtaji ukatafutwa kutoka mifuko ya hifadhi ya jamii. Nasema wazi kwamba serikali ilifanya jambo jema. Kiwanda kilichoanguka kilistahili mtaji wa pili, kwa sababu mashine zipo, chai ipo, na watu wanaojua kuichuma wapo. Ninachouliza ni kwa nini hoja hiyohiyo, iliyotosha kwa kiwanda, haitoshi kwa, tuseme, wanawake watano wa Mgwashi waliopoteza msimu mmoja.

Wapo wanaojibu kwamba fedha hizi ni za mzunguko: asiporudisha huyu, anakosa yule anayengoja. Ni kweli. Wapo wanaosema ukionyesha huruma kila mtu atajifanya amepata hasara. Hilo nalo linawezekana, na ndiyo maana tuna maofisa ugani na maofisa maendeleo ya jamii kwenye kata. Shamba lililoliwa na kantangaze halifichiki. Barabara iliyofungwa na maporomoko inajulikana wilaya nzima. Mtu anayeshindwa kutofautisha shamba lililoungua na shamba ambalo halikuwahi kulimwa hakufika shambani, basi.

Benki, iliyopewa kazi hii Bumbuli kwa majaribio, ina ubora wake. Haina binamu wa diwani, na kumbukumbu zake ni safi. Lakini kumbukumbu zile zina nafasi ya jambo moja: umelipa au hujalipa. Taarifa ya mkopaji ikishaingia kwenye kanzidata ya wakopaji, inasema ulichelewa. Haisemi mlima ulikatika. Ofisa wa mikopo wa mji mwingine ataisoma, na kijana wa Lukozi hatakuwepo kueleza.

Tena ugumu humkuta mdogo tu. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inampa mwenye kampuni ya dhima yenye ukomo kinga kubwa: kampuni ikifa, kwa kawaida deni lake halivuki kufika nyumbani kwa mwanahisa. Waliotunga sheria za namna hiyo, tangu Uingereza ya karne ya 19, walijua kwamba mtu hatathubutu kuanzisha jambo kama kosa moja litamvua nguo. Mama wa Soni anayeuza karoti hana kinga hiyo. Mikopo ya halmashauri iliposimama, vuli ikapita, masika ikapita, hata mvua ndogo za mluati zikapita, na mahitaji ya mbegu na mbolea hayakusitishwa. Waliobanwa walikimbilia mikopo ya mitaani iitwayo kausha damu. Huko ukishindwa rejesho la wiki wakopeshaji wanakuja nyumbani kubeba godoro, televisheni na masufuria, watoto wakitazama.

Na baada ya yote hayo, mtu huyuhuyu anaitwa ukumbini kwenye semina. Anakalishwa kwenye kiti cha plastiki, anapewa soda, anaambiwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hiyo naiheshimu, na ndiyo maana inanikera kusikia ikitumiwa hivyo. Mhunzi aliyevunjikiwa na koleo hahitaji kutiwa moyo. Moyo anao, ndiyo maana alikuwa kiwandani saa kumi na moja alfajiri. Anahitaji koleo jingine. Anayesimama jukwaani na kumwambia mwanamke aliyebebewa masufuria kwamba tatizo lake ni mtazamo, amemtukana. Tumeacha kushindwa kuwe jambo la moyo wa mtu binafsi kwa sababu hilo halina gharama kwa yeyote mwingine. Semina ya siku moja ni rahisi kuliko kupanga upya marejesho ya vikundi vyote vilivyopigwa na msimu mbaya.

Halmashauri ya Bumbuli, kwa kuwa iliteuliwa kwa majaribio, ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuonyesha njia, na Lushoto ifuate. Kabla kikundi hakijaitwa mdaiwa sugu, ofisa ugani na ofisa maendeleo ya jamii wa kata waende shambani na kuandika ukurasa mmoja: nini kilitokea, wanakikundi walifanya nini, msimu ujao wangebadilisha nini. Aliyeiba aende mahakamani. Aliyeanguka apangiwe upya marejesho kufuata mavuno, si kufuata kalenda ya ofisi, na akilipa sehemu yake apewe mkopo wa pili hata kama ni mdogo. Kurasa hizo zikusanywe na kusomwa na kikundi kipya kabla hakijatia saini mkataba. Wilaya nzima itajua ni mwezi gani kantangaze alianza Lukozi, ni wiki gani barabara ilifungwa, ni dalali gani alikimbia na mzigo.

Haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji mafuta ya pikipiki ya ofisa ugani, na madiwani watakaokubali kwamba mtu anaweza kudaiwa na bado akawa mwaminifu.