Kiwanda cha Boksi

Wapo walimu wanaodai kwamba reli ya mfano darasani ni mchezo tu, kwa hiyo boksi lolote lenye bomba la moshi latosha kuitwa kiwanda. Nawapinga. Mtoto atauliza: behewa laleta nini, laondoka na nini? Kwa reli ya Tanga mimi huchagua korona (si ule ugonjwa!), yaani kinu cha mkonge. Katika jani la mkonge, nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Karibu yote yaliyosalia ni maji. Ndiyo maana korona zilijengwa mashambani, majani yakaletwa kwa vigari vya reli nyembamba, na marobota pekee yakapanda treni kwenda bandarini. Mwalimu anayeibandika korona gatini anamfundisha mtoto kusafirisha maji.