Tukiona Habari, Tuulize



Saa mbili usiku watu wengi hapa Mikindani hukusanyika mbele ya televisheni. Asiyekuwa nayo huenda kwa jirani. Halafu asubuhi, kwenye ngalawa au chini ya mkorosho, utasikia: "Ni kweli, nimeiona kwenye televisheni." Mimi neno hilo linanitia wasiwasi.

Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973. Huku bara tulikaa na redio ya Serikali tu. Mwaka 1993 ikapita sheria ya kuruhusu vituo vya watu binafsi. Mwaka 1994 vikaanza Dar es Salaam: ITV ya marehemu Reginald Mengi, na DTV, ambayo baadaye iliitwa Channel Ten. Televisheni ya Serikali ilikuja nyuma yao. Ajabu kidogo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Naona lilikuwa jambo jema. Mvuvi mwenye mnunuzi mmoja hupokea bei anayoambiwa. Wanunuzi wakiwa wengi, hulinganisha. Habari ni vivyo hivyo. Lakini kituo cha mtu binafsi huishi kwa fedha za matangazo ya biashara. Anayelipa hapendi kusemwa vibaya. Tena kumleta mwandishi na kamera mpaka Msimbati ni gharama. Basi tunaonyeshwa Dar es Salaam na Dodoma kila siku, sisi mara chache.

Usidhani kazi ya mwandishi ni nyepesi. Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi tarehe 2 Septemba 2012, kijijini Nyololo, Mkoa wa Iringa. Alikuwa kazini. Mwaka 2016 askari polisi mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kifo hicho.

Na sisi wa Mtwara tulifanya nini? Tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya nishati ilisomwa bungeni, na vurugu za bomba la gesi zikazuka. Nyumba ya mwandishi mmoja wa televisheni ilichomwa moto. Hasira ilikuwa na sababu. Watu waliona gesi inaondoka, na sauti yao haisikiki. Lakini yule mwandishi hakulaza bomba. Ukimchomea nyumba, kesho nani atakuja kukuuliza shida zako? Kosa hilo ni letu, tulikubali.

Sasa unajua kusoma na kuandika. Ukitazama habari, uwe na daftari. Andika nani amesema, na nani hakuulizwa. Mwandishi akija kijijini, mpe tarehe na idadi, usimpe uvumi. Akikosea, mwandikie barua mhariri wake, yaani mtu anayechagua habari za kutangazwa. Barua ikikushinda, njoo nayo darasani. Tutaisoma pamoja, kisha tutaipeleka posta.