Likizo ya Unguja nayo ina msimu wake

Wafanyabiashara wetu wa Zuzu na sehemu nyingine za Dodoma wana jambo moja la ajabu. Wanajua kununua kila kitu kwa msimu isipokuwa mapumziko yao wenyewe. Mahindi ya Kibaigwa wanayanunua yakiwa yamejaa sokoni, alizeti wanaiweka ghalani hadi wenye mashine za kukamua waanze kuhangaika, lakini likija suala la kwenda Zanzibar na mama watoto, mtu huyo huyo anapanda boti tarehe 27 Desemba na kulipa bei anayolipa Mtaliano. Halafu anarudi nyumbani akisema Unguja ni ghali.

Unguja si ghali kwa mwaka mzima. Kisiwa hicho kilipokea wageni zaidi ya 700,000 kutoka nje mwaka 2024, na bei za hoteli za ufukweni zinafuata likizo za Ulaya, si kalenda yetu. Zinapanda Julai na Agosti, zinapanda tena kuanzia Krismasi hadi baada ya Mwaka Mpya, na zinaporomoka Aprili na Mei wakati wa masika, ambapo baadhi ya hoteli hufunga kabisa ili zipakwe rangi. Chumba cha hoteli ni bidhaa inayooza kuliko nyanya. Nyanya isiyouzwa leo inaweza kuuzwa kesho kwa nusu bei, lakini chumba kisichouzwa leo usiku kimekwenda moja kwa moja. Mwenye hoteli analijua hilo vizuri, na mnunuzi anapaswa kulijua pia kabla ya kupiga simu.

Basi twende Mei, ndivyo wengi watakavyosema. Hapo ndipo safu hii inapotofautiana na washauri wa safari. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, na mazao yake yanaanza kuingia sokoni Mei na Juni. Huo ndio wakati ambao fedha taslimu ya mfanyabiashara wa nafaka ina thamani kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Tuchukue mfano wa kukadiria tu, wala si bei ya soko. Tuseme familia inatumia Sh 1,500,000 kwa safari, na gunia la mahindi linanunuliwa kwa Sh 60,000 wakati wa mavuno na kuuzwa Sh 90,000 miezi sita baadaye. Fedha ile ingenunua magunia 25, na faida iliyoachwa ni Sh 750,000 kabla ya gharama za ghala, dawa na vibarua. Kwa hiyo safari ya Mei, pamoja na punguzo lote la hoteli, imemgharimu Sh 2,250,000. Aliyekwenda Novemba baada ya kuuza, hata akilipa chumba kwa bei ya juu kidogo, ametumia faida na wala hakugusa mtaji.

Ni kweli kwamba bei hazipandi kila mwaka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula akifungua maghala, au mipaka ikifungwa ghafla, waliohifadhi wanajikuta na gunia la bei ile ile. Lakini hata hivyo mfanyabiashara bado ana mahindi yake mkononi. Aliyekula mtaji Mei hana mahindi wala fedha.

Maoni yetu, kwa hiyo, ni kwamba dirisha la mtu wa Dodoma ni kati ya Oktoba na siku za mwanzo za Desemba. Wenye mashamba ya zabibu wanakuwa wamemaliza uvunaji wa katikati ya mwaka na wamelipwa (walau wale ambao wanunuzi wao ni waaminifu). Wenye nafaka wanaanza kutoa mzigo. Kule Unguja kusi linakuwa limetulia, na mvua za vuli za Novemba mara nyingi ni za saa chache kisha jua linatoka. Mgeni wa Ulaya anaiogopa Novemba kwa sababu ameambiwa ni mwezi wa mvua, na woga wake huo ndio punguzo lako. Ikifika katikati ya Desemba bei zinageuka, kwa hiyo asiyekuwa amerudi nyumbani tarehe hizo atalipia kuchelewa kwake.

Wawekezaji wadogo wasio na ghala wana hesabu nyingine. Hatifungani za Serikali hulipa riba kila baada ya miezi 6, na gawio la benki zilizo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa kawaida hulipwa karibu na katikati ya mwaka, baada ya mikutano mikuu ya wanahisa. Safari ilipwe kwa kuponi au gawio. Kama mwaka huu kuponi haitoshi siku tano, nenda siku tatu. Anayetaka kukusanya kidogo kidogo anaweza kutumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao haumfungi mtu muda mrefu anapotaka fedha yake. Kukopa VICOBA ili kwenda kuogelea ni jambo tusiloweza kulitetea hata kidogo. Mkopo wa kikundi umetokana na hisa za jirani zako, na jirani atakuona ukirudi umebabuka jua huku marejesho ya wiki mbili hayajaingia.

Usafiri ndio uliobadilika kuliko yote. Treni ya reli ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilianza kwa Sh 31,000 kwa mtu mzima. Kwa mume na mke, kwenda na kurudi, hiyo ilikuwa Sh 124,000, na safari yenyewe haifiki nusu ya muda wa basi. Panda treni ya asubuhi, kwa sababu boti za kasi za kwenda Unguja huondoka Dar mwisho alasiri, na anayeikosa analazimika kulipa gesti ya mjini ambayo haikuwa kwenye bajeti. Boti yenyewe ni kama saa mbili. Chukua vitambulisho vya Taifa vya wote wenye navyo, maana kwenye boti, hifadhi na hoteli nyingi kuna bei ya mkazi na bei ya mgeni, na tofauti kati ya hizo mbili si ya kupuuzwa. Bima ya lazima ya safari ambayo Zanzibar iliianzisha Oktoba 2024 ni kwa wageni kutoka nje ya nchi, kwa hiyo usikubali kutozwa wewe.

Unapopiga simu hotelini, uliza bei ya mkazi kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zimekataza bei za bidhaa na huduma nchini kutajwa kwa dola, hivyo anayekutajia dola aombwe kwa adabu ataje upya. Uliza pia kama bei ni ya chumba au ya kichwa. Hoteli za ufukweni zina mazoea ya kutaja bei ya mtu mmoja katika chumba cha wawili, na wengi wameduwaa mapokezi walipokuta bili ni maradufu. Uliza kama kodi na tozo zimo ndani. Na usilipie milo yote. Lipia malazi na kifungua kinywa, kisha chakula kingine ule nje, Forodhani jioni kwa urojo, mishikaki na juisi ya miwa ukiwa mjini, na kwa mama lishe wa kijijini ukiwa pwani.

Raha inunuliwe mahali inapoonekana. Chumba chenye kiyoyozi na umbali wa hatua chache kutoka majini vinastahili fedha. Gari la kukodi la kutoka bandarini hadi Paje kwa watu wawili wenye begi moja halistahili, wakati daladala namba 324 inapita huko, 309 inakwenda Jambiani na 116 inakwenda Nungwi. Siku mbili za Mji Mkongwe na tatu za ufukweni zinatosha mtu aliyeacha duka.

Kuna jambo moja ambalo watu wa bara hatuulizi, nalo linaharibu likizo nyingi: mwezi wa angani. Paje, Jambiani na pwani yote ya mashariki, siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya saa nne asubuhi yanakuwa yamekwenda mbali sana, na mbele ya hoteli yako utaona wanawake wanavuna mwani mahali ulipotarajia kuogelea. Siku za maji mafu, takriban wiki moja baadaye, bahari haiendi mbali hivyo. Nungwi na Kendwa kaskazini hazina tatizo hilo kwa kiwango kile, na ndiyo sababu moja ya bei zake kuwa juu. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo achague Jambiani kwa kalenda ya mwezi, naye ataogelea kama wa Nungwi.

Kuna wale watakaosema safari yao ni ya kutafuta soko. Hoteli za Unguja zinanunua vitunguu, nyanya na matunda mengi kutoka bara, na kupita Darajani au Mwanakwerekwe asubuhi moja kuangalia bei si vibaya. Lakini asubuhi moja tu. Tumewaona wenzetu walioandika likizo nzima kwenye daftari la gharama za biashara, mwishoni hawakupumzika wala hawakupata mteja, na mama watoto alikaa hotelini peke yake siku tatu. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyokuwa ikielekea pwani ililipa hongo kwa Wagogo ili ipite na kupata maji. Sasa hongo tunalipa sisi kule pwani, basi walau tuyaone hayo maji.

Jambo la ghala likamilishwe kabla ya tiketi. Nani anabaki na funguo, nani anaruhusiwa kuuza na kwa bei gani ya chini, na mizani imepimwa lini. Siku tano za bei holela dukani zinaweza kuwa ghali kuliko hoteli.

Anayetaka utulivu zaidi afikirie Mafia, ambako papa potwe huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba. Boti hutoka Nyamisati, wilaya ya Kibiti, vyumba vizuri ni vichache, na punguzo la Novemba huko si kubwa kama la Unguja. Mwenye nia aanze kupiga simu Agosti.