Waraka kwa Washirika: Familia Yetu Iliyorudi Kutoka Turkana

Kwa wazee wa kanisa, viongozi wa vikundi vya nyumbani, ushirika wa kina mama, kina baba na vijana, na kila anayeabudu pamoja nasi hapa Woodley.

Wapendwa katika Bwana,



Mnajua kwamba familia tuliyoituma Turkana, upande wa Loima, iko nyumbani kwa likizo, katika ile nyumba ya uani ambayo mmoja wetu ametoa karibu na Barabara ya Joseph Kang'ethe. Mnajua pia kwamba mtoto wao wa pili anaumwa. Homa humpanda jioni na kushuka alfajiri, mwili umekwisha, chakula hakitaki. Amepimwa, amelazwa, akatoka, akapimwa tena, na mpaka ninapoandika madaktari hawajasema ni ugonjwa gani. Jina lake silitaji kwa kuwa wazazi wameomba hivyo. Nawasihi nanyi msilitaje wala kusambaza picha yake kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa nia ya kuomba. Mungu anamjua.

Ninawaandikia kwa sababu tumeanza kuidai familia hii vitu viwili ambavyo haina. Tunaidai ripoti ya kazi, na tunaidai jina la ugonjwa.

Likizo ya mmishenari tumeizoea hivi: kila Jumapili mimbari nyingine, picha ukutani, hesabu ya waliobatizwa, ushuhuda wa dakika kumi, halafu bahasha. Mtu amerudi kupumzika, lakini anapelekwa huku na huku mpaka siku ya kupanda basi la Kitale. Kamati ya Umisheni imefuta ratiba hiyo yote. Makanisa yaliyokuwa yakiwasubiri tutayaeleza sisi wenyewe. Ahadi za kila mwezi zitaendelea kutolewa kama kwamba baba amehubiri kila mahali alikopangiwa, na ndugu mwinjilisti aliyebaki Loima akiangalia ushirika hatakosa posho yake hata mwezi mmoja. Asiyeweza kutimiza ahadi yake aniambie mimi. Asiwaambie wao.

Si sisi wa kwanza kumkosea aliyerudi nyumbani. Mmishenari Dr. Livingstone tunamsoma shuleni, lakini mkewe ni wachache wanaomsoma. Mnamo Aprili 1852 Livingstone alimpandisha Mary meli kule Cape Town pamoja na watoto wao wanne, waende Uingereza, naye akageuka kurudi bara. Karibu miaka miwili kabla ya hapo Mary alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Elizabeth, aliyeishi wiki sita tu, na baada ya uzazi ule yeye mwenyewe akapooza upande wa uso. Huko alikopelekwa kulihesabiwa kuwa kwao. Lakini Mary alizaliwa Griquatown, Afrika Kusini, na amekulia Afrika. Kwa zaidi ya miaka minne, hadi mumewe alipofika Desemba 1856, alihamahama na watoto, fedha haba, hata na wakwe hawakupatana. Naamini hakuna aliyemtakia mabaya. Walidhani tu kwamba aliyefika nyumbani amefika, hana haja tena ya kuangaliwa.

Mtoto wetu huyu naye tunasema amerudi nyumbani. Yeye amekulia Loima. Kiturkana anakisema vizuri kuliko Kiswahili, marafiki zake wako kule, na baridi yetu ya Julai hajawahi kuionja. Akilala anaota mchanga wa laga, ule mto mkavu, kama mamake alivyonieleza. Kwa hiyo anaumwa ugenini, na wazazi wake wanamuuguza ugenini, ingawa sisi tunawaita wenyeji.

Sasa niseme juu ya jina la ugonjwa, maana hapa ndipo tumewaumiza zaidi. Nimesikia katika ua wa kanisa kwamba ni taifodi, kwamba ni malaria iliyojificha, kwamba kuna dawa ya mizizi pale soko la Toi inayoponya kila homa. Hayo ningeyavumilia. Lakini wapo waliokwenda kumuuliza mama kama kuna dhambi haijaungamwa, na aliyewaambia kwamba labda hawakuitwa Turkana. Ndugu zangu, someni Yohana 9 kabla ya kupiga hodi kwenye mlango ule tena. Bwana wetu aliulizwa swali hilohilo juu ya kipofu, akalikataa.

Kisha someni 2 Wafalme 4. Yule mama wa Shunemu alimjengea nabii chumba, akapewa mtoto. Siku moja ya mavuno mtoto akalalamika kichwa, akapakatwa na mamake hadi adhuhuri, akafa. Maandiko hayasemi alikuwa na ugonjwa gani. Mama alipofika Karmeli, Elisha alikiri kwamba Bwana alikuwa amemficha jambo lile. Ikiwa nabii aliweza kusema hajui, nasi tunaweza. Tena angalieni kwamba fimbo ya nabii ilitangulizwa kwa mkono wa Gehazi na mtoto hakuamka. Ilibidi Elisha aende mwenyewe, aingie chumbani, ajinyooshe juu ya yule mtoto. Ujumbe wa simu ni fimbo ya Gehazi. Tumeni, lakini msiridhike kwa kuutuma.

Kuna jambo moja ambalo kwalo tunaweza kuwasaidia hata madaktari. Mtu akifika hospitalini huulizwa anakaa wapi, na jibu la "Woodley" ni la kweli ila linapotosha. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na homa za nyanda za joto daktari wa hapa haziwazi kwanza. Turkana kuna kala-azar, inayoenezwa na kidudu kidogo kuliko mbu, kinachojificha kwenye vichuguu na nyufa za udongo. Mtu huumwa na kidudu hicho leo, akaanza kuugua miezi kadhaa baadaye, akiwa ameshafika mbali na kichuguu chenyewe: homa isiyoisha, kukonda, wengu kuvimba. Isipotibiwa huua. Ikigunduliwa inatibika, na matibabu yaliyozoeleka Afrika Mashariki ni sindano za kila siku kwa siku 17. Kuna pia bruselosi, inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa, ya mbuzi au ya ngamia.

Sisemi mtoto ana mojawapo ya hayo. Kipimo cha kwanza cha kala-azar hakikuonyesha kitu, na tumeambiwa kitarudiwa. Nasema kwamba yeyote anayewasindikiza kliniki ahakikishe neno Turkana limetajwa kila dirisha na kila zamu, kwa kuwa mama aliyekesha husahau, na daktari wa leo si yule wa jana. Dada zetu wauguzi wamefungua daftari la homa, saa kwa saa. Mkimkuta mtoto ana joto, andikeni humo.

Mkienda kuwaona, kaeni kidogo. Mama yule amekuwa akiwapikia chai wanaokuja kumfariji. Nendeni na chai yenu kwenye thermos, osheni vikombe, chukueni nguo chafu mkazifue, ondokeni. Wala msiwapelekee jiko la makaa la kuwasha ndani usiku kwa ajili ya baridi. Nyumba ni ndogo, na moshi usioonekana wa makaa huua watu wakiwa usingizini. Pelekeni blanketi.

Mchango wa bima ya afya ya SHA wa familia hii tumeulipa kwa mwaka mzima, kwa kuwa mmishenari hana hati ya mshahara ya kukatwa. Lakini vipimo vingi tunalipa taslimu. Sadaka ya Jumapili ya pili itaelekezwa huko.

Na msiwaulize wanarudi lini. Epafrodito alitumwa na kanisa la Filipi kumhudumia Paulo, akaugua karibu kufa, na Paulo akamrudisha nyumbani akiwa na barua. Katika ile barua Paulo hakueleza ndugu yule aliugua nini, wala hakuomba radhi kwamba amerudi mapema. Aliwaagiza Wafilipi wampokee kwa furaha na kumheshimu. Madaktari wakisema familia hii ikae Nairobi mwaka mzima, itakaa mwaka mzima, na itabaki kuwa familia tuliyoituma, yenye ahadi zilezile.

Zamu za kulala hospitalini mtoto akilazwa tena ziko kwa katibu wa kina mama. Ndugu zake wawili watakuwa wakilala kwa mzee wa kanisa aliye jirani, na vijana watawasaidia masomo jioni. Magari ya mchana tunayo ya kutosha. Tunakosa dereva wa usiku wa Alhamisi na wa Jumamosi. Aliye tayari anione baada ya ibada, au anipigie hata kama ni usiku.

Ndimi mtumishi wenu katika Kristo,
Mwenyekiti, Kamati ya Umisheni