Bleusaille si desturi ya wazee wetu

Katika kijitabu hiki tumezoea kusifu desturi. Leo mutuvumilie, tunakuja kukataa moja. Kila masomo yanapofunguliwa katika vyuo vikuu vya nchi yetu, iko vijana wa miaka 18 ao 19 wanaonyolewa nywele kwa nguvu, wanaopigishwa magoti, wanaoimbishwa matusi mbele ya wenzao. Jina lao ni "bleu", maana yake mgeni wa mwaka wa kwanza. Wanaowafanyia vile wanajiita "poil", na mara nyingi wamewatangulia mwaka mmoja tu. Mukiwauliza juu ya nini, wanajibu: "Ni desturi, Mwalimu. Inajenga utu." Na wazazi wengine, hata wale waliosoma, wanaitikia kwa kichwa.

Desturi ya nani? Wazee wa Bwisha hawakuwa na bleu wala poil. Maneno hayo ni ya wanafunzi wa Ubelgiji, yalikuja pamoja na vyuo vyao. Lovanium, chuo kikuu chetu cha kwanza, kilianzishwa mwaka 1954 na watu wa Leuven. Na Desemba 2018 mwanafunzi mweusi wa chuo cha Leuven penyewe, Sanda Dia wa miaka 20, alikufa baada ya kikundi cha wanafunzi kumnywesha mchuzi wa samaki na kumkalisha ndani ya shimo la maji baridi. Mwaka 2023 mahakama iliwahukumu vijana 18 wafanye kazi za jamii na kulipa faini ya euro 400. Kumbe hata wenye desturi yao imewashinda, na sisi tunaikumbatia sawa urithi wa babu!

Kama tunataka urithi, tutazame kwa jirani zetu Warega. Walikuwa na bwami, ambayo Wabelgiji waliikataza mwaka 1948. Mtu alipanda ngazi kwa ngazi, mwanaume hata kufika kindi, na wanawake nao walikuwa na ngazi zao. Ilichukua miaka. Jamaa walichanga mali, wakubwa walitazama mwenendo wako, walikufundisha kwa mezali na kwa vitu vilivyochongwa. Hatusemi kwamba ya kale yote yalikuwa laini. Jando lilikuwa kali, na pasipo mali hukupanda mbali. Lakini aliyekuingiza alikujua, na aibu yako ilikuwa aibu yake. Huyu poil anayeshika mkasi, anamjua nani? Kesho bleu akiugua, atamlipia dawa?

Tunasema haya kwa sababu ya kijana mmoja tuliyemfundisha hapa Bunagana. Alikuwa mpole, mwenye maswali mengi, tena fundi wa kuchekesha wenzake. Tarehe 13/06/2022, M23 ilipochukua mji, alivuka mpaka na mama yake kwenda Kisoro. Mwaka 2023 akapata nafasi katika chuo kimoja cha Goma. Fikirini mtoto huyo: nyumba ameiacha, minervali imechangwa na wajomba, njiani kila mwenye bunduki amemuuliza kabila lake. Anafika chuoni akitumaini kwamba hapo ataulizwa jina tu. Wakamnyang'anya hata hilo. Kwa wiki mbili aliitwa "kitu".

Alipokuja kutusalimia hakuchekesha mtu. Tukasema, itapita. Mwaka uliofuata tukasikia kwamba yeye ndiye mkali kuliko poil wote. Tulimuuliza namna gani. Alisema: "Mwalimu, na mimi nilipita. Sasa niko mtu."

Neno hilo lilitunyima usingizi. Tulipokuwa ISP tulisoma Erikson, na kusema kweli tulimsoma kwa ajili ya mtihani. Alifundisha kwamba kijana wa umri huu anajitafuta katika macho ya watu, na kwamba anahitaji muda wa kujaribu, kukosa na kujaribu tena mbele ya kujifunga. Alisema pia kwamba anaweza kuchagua kuwa mbaya kuliko kuwa si kitu. Kijana wetu alichagua vile. Hakujifunza kwamba yeye ni mtu. Alijifunza kwamba mtu ni yule aliye na mwingine chini yake. Na katika Kivu hii somo hilo lina walimu wa kutosha tayari, hatuna lazima ya kulilipia minervali.

Iko wenzetu watakaosema tunakuza mambo, ni michezo ya vijana. Mchezo, unaweza kuuacha ukichoka. Tena tusijitoe wenyewe. Nani kati yetu walimu hajamwita mwanafunzi "bure kabisa" mbele ya kalasi nzima, kwa sababu ya kosa la Kifaransa? Mtoto anayesikia vile miaka sita anafika chuoni akiwa bleu tangu zamani. Poil anamalizia kazi yetu.

Tumemwomba kijana yule, akija likizo, aongee na finalisti wetu kabla hawajaenda Goma: awaambie alichofanyiwa, na alichofanya. Hajatujibu bado.