Kahawa ya Idi Tuipike Wenyewe, na Tukae Tuinywe



Kumi la mwisho likishaingia, mazungumzo ya nguo za Idi na hina huwa hayaachi nafasi ya jambo jengine. Lakini kuna hili la kahawa, tunataka tuliseme sasa kabla mwezi haujaandama. Imeingia fasheni ya kahawa ya Sikukuu yenye ladha: ya karameli, ya vanila, ya mdalasini, ndani barafu na juu krimu. Tamu ni tamu, hatutasema uongo. Ila tunawaona dada zetu, na mabibi harusi wa Mfunguo Mosi kuliko wote, wakiinunua mikahawani kikombe kimoja kimoja, kwa pesa ambayo ingetosha kahawa ya unga ya nyumba nzima kwa siku zote nne za Sikukuu. Wengine wanaagiza kabisa machupa ya ladha kutoka Dubai ili mawifi wakija wakute kitu cha kisasa.

Rai yetu ni kwamba kahawa ya Idi ipikwe nyumbani, tena na sisi wenyewe, kwa vitu tulivyonavyo jikoni. Na tukishaipika, tukae chini tuinywe.

Tuanze na hayo machupa. Yale maji mazito matamu wanayotia kwenye kahawa ni kitu gani? Ni shira. Shira hii hii tunayopikia kaimati mwezi mzima, sukari na maji na iliki. Hakuna mwanamke wa kisiwa hiki asiyejua kupika shira, na kama yuko, basi mama yake anajua. Huko Marekani kila mwaka majani yakianza kupukutika huuza kahawa yenye ladha ya viungo vya boga, na watu wakapanga foleni. Viungo vyenyewe ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Boga lenyewe mara nyingi ni jina tu. Sasa sisi, ambao karafuu zinaanikwa kwenye majamvi Pemba na mdalasini unachunwa shambani Unguja, tuinunue harufu hiyo hiyo ikiwa ndani ya chupa ya plastiki?

Basi shira ya kahawa ifanyeni hivi. Sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja na nusu, iliki kumi zilizopondwa kwenye kinu pamoja na maganda yake, kijiti kimoja cha mdalasini, karafuu tatu. Tatu, msizidishe, karafuu ikizidi kahawa inakuwa kama dawa ya meno. Chemsha mpaka sukari iyayuke yote, kisha punguza moto dakika kama saba. Isifike kuvutika nyuzi kama ya kaimati. Hii inatakiwa iwe nyepesi, itiririke. Ikipoa, chuja. Anayetaka kutumia shira ya kaimati aitenge kabla kaimati hazijaingia, kwa sababu ikishachovywa inabeba mafuta, na mafuta yale yataelea juu ya kahawa yako mbele ya wageni.

Kahawa yenyewe: maji lita moja, tangawizi mbichi ukubwa wa kidole gumba iliyopondwa, vichemke pamoja dakika kumi. Tia vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa vya kahawa ya unga, koroga, iache ipande mara moja, punguza moto, dakika tano, epua. Funika iachwe itulie mpaka machicha yakae chini, ndipo uchuje. Hapa watu wana haraka na hapa ndipo kahawa nyingi zinapoharibika. Kahawa ya Kagera ina ukali na uzito, inastahimili maziwa na shira. Ya Kilimanjaro ni laini zaidi, tunaipenda kavu, kwa tende au kashata. Kama kuna mtu nyumbani bado anakaanga buni mwenyewe na kutwanga, mbembelezeni, hakuna unga wa dukani unaomfikia.

Ya moto iende kwenye dele, au kwenye chupa ya chai kama dele limebaki kwa bibi. Ile ya kisasa wanayoitaka wasichana: glasi, barafu, shira vijiko viwili, maziwa baridi nusu glasi, kisha kahawa iliyopoa imiminwe taratibu juu. Kwa asiyetumia maziwa ya ng'ombe, tui zito la nazi linapendeza kuliko tulivyotegemea. Kuna kungumanga juu kidogo tu. Imekwisha.

Vanila tunaizungumza peke yake kwa sababu ina neno. Vanila ya majimaji iliyotokana na maganda kwa kawaida hutolewa kwa kulowekwa kwenye pombe. Marekani sheria inataka ile inayoitwa vanila halisi iwe na pombe isiyopungua asilimia 35. Masheikhe wana kauli tofauti kuhusu tone linaloingia kwenye chakula kingi, na anayetaka fatwa amuulize mwalimu wake. Sisi tunaona hivi: mashamba ya viungo hapa Unguja yanauza vanila ya maganda. Ganda moja si rahisi, lakini lipasue, kwangua mbegu zake, zitie kwenye shira na ganda lake, utapata harufu ya chupa nzima bila wasiwasi wowote. Na machupa ya ladha yaliyopewa majina ya vinywaji vya Kizungu, someni lebo mpaka mwisho kabla hamjayaweka kwenye sinia la Idi.

Tukija kwenye kukaa na kunywa. Kahawa huku kwetu imekuwa mali ya barazani. Mwanamme anatoka, anakaa Jaws Corner au pembe ya mtaa wake, anashika kijikombe, anasikiliza habari za dunia. Hatuna ugomvi na baraza. Lakini kuna wanaosema mwanamke na kahawa wapi na wapi, na hao tunawakumbusha inakotoka. Waliokuja kuipa jina kinywaji hiki ni masufi wa Yemen, karne ya 15, wakiinywa usiku ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 mkuu wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku kwa kuogopa mikusanyiko ya wanywaji, lakini watawala wa Kairo hawakukubali kinywaji chenyewe kiwe haramu. Ilianza kwa watu wanaokesha kwa ibada, na mwanamke aliyekesha kumi la mwisho, kisha akaamka kupika daku, ana haki nayo kuliko anayeamka saa nne.

Tunalolisikitikia ni asubuhi ya Idi ilivyo katika nyumba nyingi. Wanaume wanarudi msikitini wamenukia udi, wanakuta sinia limepangwa. Wageni wanaingia, wanatoka, watoto wanadai pesa za Sikukuu, na mwenye kupika yote yale anakunywa kahawa yake saa nane, imepoa, amesimama kwenye mlango wa jiko. Hakuna aliyemwamrisha. Ni mazoea tu. Basi mazoea yavunjwe: kahawa ya kwanza itoke kabla watu hawajarudi, wanawake wa nyumba wakae mkekani robo saa, tende, kahawa, wapeane mkono wa Idi. Sinia halitakimbia.

Na wewe bibi harusi, hii ni Idi yako ya kwanza ukweni. Tunajua moyo unavyodunda. Usianze ndoa kwa deni la meza ya kahawa yenye maua na mtu wa kukodi kuja kukoroga. Mume wako ndiyo kwanza amelipa mahari na kununua kitanda, na israfu tumekatazwa hata katika chakula cha halali. Mama mkwe hatakumbuka povu. Atakumbuka kama ulimuuliza: mama, hapa kwenu kahawa mnatia tangawizi au iliki peke yake? Kila nyumba ina jibu lake, na nyumba nyengine zinapigania jibu hilo kwelikweli. Muulize, na akikwambia njoo nikuonyeshe, umeshapokelewa. Ukishaijua ya kwake, siku ya Idi Pili mtolee ile ya barafu uone uso wake.

Kwa walio wajawazito, au wanaohisi huenda wameshakuwa, huduma ya afya ya Uingereza inawashauri wajawazito wasizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku. Kahawa ya kuchemsha ina nguvu, kwa hiyo vijikombe vidogo, si makombe, na chai wanayokunywa nayo ihesabiwe.

Shira ikibaki itieni kwenye chupa safi iliyokauka vizuri, iwekwe friji, itakaa wiki mbili. Wenye kufunga sita za Mfunguo Mosi wataifurahia baada ya futari, ila kahawa yenyewe waipunguze ukali, na wasiipike baada ya Isha. Usingizi ukipaa, daku itawapita.